Mchuma Janga na wa Kwao

Wazee wetu walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii tumeifundisha mashuleni miaka nenda miaka rudi, na wengi huitumia kama vile ni hukumu ya mahakama: mtu akikosa, basi mkewe, wanawe na hata mama yake mzazi wastahili kuaibika pamoja naye. Mimi siisomi hivyo. Methali hii inaeleza mambo yanavyokwenda duniani; haisemi kuwa ndivyo yapasavyo kwenda. Ni kweli kwamba janga humfikia asiyelichuma. Je, ni haki limfikie? Hilo ni swali jingine, nami nataka kulipima kwa jambo moja tu, nalo ni picha za wake wa watawala, zile za kuwasifu na zile za kuwakejeli.

Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo unatoka Ufaransa. Nauanza huo kwa sababu wahusika wake wote wamekwisha kufa, nasi twaweza kuutazama bila kupandwa na hasira. Eugénie alizaliwa Granada, Hispania, mwaka 1826. Mwaka 1853 akaolewa na Napoleon III, mfalme mkuu wa Wafaransa. Alikuwa mzuri wa sura, na wachoraji wa ikulu hawakuchoka kumchora. Mwaka 1854 Winterhalter alimchora akiwa amevaa mavazi ya mtindo wa Marie-Antoinette, yule malkia aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Mwaka uliofuata mchoraji huyo huyo alimchora ameketi mahali penye miti, amezungukwa na mabibi wanane wa heshima, magauni yao yamejaa picha nzima. Ukiitazama picha ile unaona hariri, riboni, maua na mabega. Huoni kazi yoyote aliyoifanya mwanamke yule, wala huwezi kujua aliwaza nini.

Na kazi alikuwa nayo. Mara tatu, mwaka 1859, 1865 na 1870, alishika madaraka ya nchi mumewe alipokuwa safarini au vitani. Novemba 1869 alihudhuria ufunguzi wa Mfereji wa Suez, mfereji uliobadili safari za meli hata katika pwani yetu. Katika mambo ya siasa alikuwa na maoni makali, na wapo waliomlaumu kwa kuwa miongoni mwa waliotaka vita dhidi ya Prussia. Mtu wa namna hiyo anastahili kuulizwa maswali. Lakini katika utawala ule picha ya kejeli haikuchapishwa bila idhini ya wakubwa, hivyo maswali hayo hayakuchorwa.

Septemba 1870 Napoleon III alishindwa vitani akatekwa, utawala ukaanguka, na Eugénie akakimbilia Uingereza. Idhini ikawa haihitajiki tena, na Paris ikafurika picha. Mchoraji Paul Hadol alitoa mfululizo alioufananisha na bustani ya wanyama. Napoleon III alikuwa tumbusi, na katika kucha zake alikuwa ameishika Ufaransa inayovuja damu. Picha hiyo ni kali, lakini ina hoja: inamshitaki mtu kwa tendo lake. Eugénie yeye alichorwa korongo. Jina la ndege huyo, katika Kifaransa cha mtaani, lilikuwa pia jina la malaya. Hapa hoja iko wapi? Hakuna vita, hakuna madaraka aliyoyashika, hakuna hata shauri baya alilolitoa. Liko tusi tu.

Ndugu msomaji, hebu ziweke picha hizi mbili pamoja, ya Winterhalter na ya Hadol. Ya kwanza inasifu na ya pili inatukana, lakini zote mbili zimetazama mahali pamoja: mwili wa mwanamke na mavazi yake. Aliyezoezwa miaka kumi na saba kumsifu mtu kwa gauni, siku ya hasira atalirarua gauni hilo hilo, kwa kuwa hakuonyeshwa kitu kingine. Ndiyo maana nasema sifa ya namna ile nayo ina sehemu yake katika tusi lililofuata.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Mei 2005, Lucy Kibaki, mke wa Rais Mwai Kibaki wa Kenya, aliingia usiku katika ofisi za gazeti la Nation jijini Nairobi kulalamikia habari zilizoandikwa juu yake, na watu wakaona kwenye televisheni akimpiga kofi mpiga picha. Wachoraji wa katuni wa Kenya wakamchora. Wapo waliosema amevunjiwa heshima kwa kuwa ni mke wa mkuu wa nchi. Mimi sioni hivyo. Mkono uliopiga ulikuwa wake, na ulipiga mahali pa hadhara. Kumchora kwa tendo hilo ni kumchukulia kama mtu mzima mwenye hiari yake. Lakini yule ambaye angemchora ili kumcheka mumewe kwa njia ya umbo lake, huyo angekuwa amerudi kwenye korongo wa Hadol.

Januari 2015 ilikuja zamu yetu. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefanya kazi Nairobi, alichora katika gazeti la The East African katuni ya Rais Kikwete akistarehe katikati ya wanawake waliovaa nusu uchi, wanawake hao wakiwa wamepewa majina ya maovu ya utawala. Mwezi huo huo Serikali ilisimamisha usambazaji wa gazeti hilo nchini, kwa hoja kwamba halikusajiliwa hapa. Wengi waliamini kuwa sababu ni katuni. Gado ni fundi mkubwa, na haki yake ya kumhoji Rais naitetea. Kulizuia gazeti si jibu la katuni. Lakini katika mabishano yote niliyoyasikia, watu waligawanyika juu ya heshima ya Rais na uhuru wa mchoraji. Wanawake wale wa kwenye picha hawakupata wakili. Ufisadi hufanywa na watu wenye saini na mihuri, na wengi wao huvaa suti. Kwa nini basi tunapotaka kuuchora tunautafutia umbo la mwanamke asiye na nguo?

Swali hili lilinifikia nyumbani mwangu zamani. Nilipokuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, mwaka mmoja chakula kilikuwa kibaya, fedha zilichelewa, na wanachuo walikula ugali na maharage yenye wadudu. Asubuhi moja kwenye ukuta wa bweni palikuwa na mchoro wa makaa. Mimi nilikuwa na tumbo kama ngoma, na mke wangu, mnene kuliko mimi, amekalia magunia ya chuo, mikufu ya dhahabu imejaa shingoni. Mke wangu alikuwa akikaanga maandazi alfajiri ili watoto wetu wapate ada. Alifika pale kabla ukuta haujapigwa chokaa, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mwalimu, wangekuchora wewe peke yako ningecheka nao. Wewe ndiye mwenye funguo za stoo."

Sijapata kusikia kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Hakusema mkuu asichorwe. Alisema achorwe mwenye funguo.

Watu wa kwetu walikuwa na kanuni zao za kejeli. Hapa Chamazi, katika nchi ya Wazaramo, wazee bado wanakumbuka utani wao na Wanyamwezi. Mtani alikuambia usoni maneno ambayo ndugu yako asingethubutu, tena hata msibani. Lakini mtani huyo huyo alibaki kushika jembe kaburini, na wewe ulikuwa na haki ya kumrudishia. Siku hizi picha hutengenezwa kwenye simu, kichwa cha huyu juu ya mwili wa yule, na kabla ya jua kutua imefika Mbagala, Mtwara na Muscat. Aliyeitengeneza hajulikani, na anayetukanwa hana wa kumrudishia. Huo si utani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wake wa wakubwa hula pamoja na waume zao. Kwa nini wasichorwe pamoja nao? Jibu langu ni kwamba kama amekula, mchore akila, na utuonyeshe sahani. Kama ametoa amri, chora amri. Usipojua alilotenda, huna picha ya kuchora. Na wenye madaraka nao wakumbuke yaliyotokea Paris: wakikataza picha zenye hoja wakiwa juu, siku watakapoanguka zitatoka zisizo na hoja, nazo zitawaangukia wake zao na binti zao kwanza.

Eugénie aliishi hadi mwaka 1920, akiwa na miaka 94. Mwanawe wa pekee aliuawa mwaka 1879 katika nchi ya Wazulu, akiwa na jeshi la Waingereza, na mwaka uliofuata mama yule alisafiri hadi Afrika Kusini kupaona mahali alipoanguka. Janga la mumewe alilila kweli, na lake mwenyewe pia. Kama kuna mchoraji aliyetaka kusema ukweli juu yake, mzuri au mbaya, palikuwa na mambo tele ya kuchora bila kuligusa gauni.