Nani Kaleta?

Hebu nikuulize, msomaji: mtu akinyamaza na wote wakapona, bado kuna aliyedhulumiwa?

Siulizi kwa kujifanya mwanafalsafa. Mwaka jana nilimsindikiza mke wangu kliniki ya wajawazito hapa Mpanda. Tone la damu kidoleni, kusubiri dakika kama 20, basi. Kaswende. Yeye anayo, mimi ninayo. Muuguzi, mama mtu mzima, akatuambia, "Nani kaleta, hiyo si kazi yangu. Niambieni lini. Kuna aliyewahi kuona kidonda?"

Nilimpenda yule mama. Damu haitoi ushahidi wa nani kaanza. Kaswende huweza kujificha mwilini miaka bila dalili. Watu wakianza kesi ya ndoa, sindano inasubiri, na mtoto tumboni hasubiri. Watafiti waliofuatilia wajawazito kule Mwanza, matokeo yao yakatoka mwaka 2002, walikuta kwamba wale wenye kaswende iliyopamba moto wasiotibiwa, robo yao walizaa watoto wafu. Robo, jamani! Na dawa yenyewe ni penisilini, ya tangu enzi za babu zetu.

Kwa hiyo usiulize nani, uliza lini. Busara kubwa. Kasoro yake ni kwamba kwangu mimi maswali hayo yalikuwa na jibu moja. Miezi mitatu kabla ya kuoa nilikuwa machimboni Dirifu nikihangaikia dhahabu. Kikatoka kidonda, hata hakiumi. Baada ya wiki kadhaa kikapotea chenyewe, nami nikamshukuru Mungu, nikasahau. Ningemtajia muuguzi lini, mke wangu aliyekaa pembeni angesikia nani.

"Sikumbuki," nikasema.

Muuguzi akaandika. Ugonjwa usiojulikana umeanza lini hutibiwa kama wa siku nyingi: sindano tatu, moja kila wiki. Ungejulikana ni mchanga, moja ingetosha. Hilo nimekuja kulisoma baadaye. Sindano yenyewe ya matakoni, na inauma kweli kweli. Mke wangu alitoka akichechemea, mimba ya miezi mitano, mkono kaushika begani kwangu.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi kama sisi, ananiambia yaishe. Mtoto kazaliwa mzima, mama mzima, na wewe mzima. Ukweli sasa utamtibu nani? Hoja yake ina nguvu, sikatai. Ningekuwa naishi peke yangu na hoja ningeikubali.

Ila usiku mmoja, mtoto kalala, mke wangu alisema polepole, kama anayejisemea, "Au ni mimi. Yule wa kabla yako." Akanyamaza kidogo. "Nisamehe, Baba Neema."

Nikamwambia nimemsamehe.