"Mswahili ni Nani?": Swali Lililotoka katika Daftari la Kodi

Swali "Mswahili ni nani?" limeulizwa mara nyingi katika sosholojia na anthropolojia ya Afrika Mashariki, hata limekuwa kama utangulizi wa lazima wa kila uchunguzi kuhusu pwani. Wapo waliojibu kuwa Mswahili ni chotara wa Mwarabu na Mwafrika, wapo waliomwona kuwa Mwafrika yeyote aliyesilimu, na wapo waliokana kabisa kuwapo kwa jamii ya jina hilo. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff waliyachambua majibu hayo kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1994. Makala haya yanalenga suala la kimaadili lililo nyuma ya majibu hayo: je, mtaalamu ana haki ya kulirithi swali bila ya kuchunguza ni nani aliyelihitaji kwanza, na kwa haja gani?

Wenyeji wa Mombasa walikuwa na jibu lao. Walijiita Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa kwa pamoja. Miongoni mwao walikuwamo Wamvita, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate na Wachangamwe. Aghalabu majina haya ni ya miji. Mtu alitambulikana kwa mji wa wazee wake, kwa ukoo wake na kwa watu aliooleana nao. Neno "taifa" hapo halikuwa na maana ya dola, wala ya kundi la damu moja.

Serikali ya Kiingereza, iliyotangaza himaya yake mwaka 1895, haikuweza kutoza kodi kwa mizani hiyo. Sheria zake ziligawa watu katika mafungu, yaani "wenyeji" na "wasio wenyeji". Mwarabu akahesabiwa katika fungu la pili. Mswahili akaachwa katika la kwanza, ingawa wawili hao walikuwa wameoleana kwa vizazi. Katika miaka ya 1920, Waarabu walipopewa haki ya kumchagua mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Thenashara Taifa waliachwa nje. Wengi wao wakaanza kudai Uarabu, kwani kodi, kura na hadhi vilitegemea jina.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa la kitaaluma. Baadhi ya wachunguzi waliyakuta madai hayo, wakayachukua kuwa ushahidi wa watu wasiojijua au wanaoukana Uafrika wao. Tendo la sheria likageuzwa kuwa tabia ya jamii, na aliyewekewa mtego akalaumiwa kwa kuhangaika ndani yake.

Huenda ikadaiwa kwamba asili ya dhana haiwezi kuibatilisha dhana yenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Mafungu ya mkoloni yameishiwa ndani, yakapiganiwa, yakawa kweli kwa matokeo yake. Sensa za Kenya za mwaka 2009 na 2019 zimeendelea kuwahesabu watu kwa makabila, Waswahili wakiwamo. Kuyafuta maneno hayo vitabuni hakumrudishii mtu ardhi wala hadhi. Hata hivyo, kukubali kwamba jambo lipo ni tofauti na kukubali kwamba liliumbwa hivyo. Mtaalamu anayeandika "kabila" bila ya kuitaja historia ya uandikishaji huendeleza kazi ya karani wa kodi, hata kama nia yake ni njema.

Mhakiki wa fasihi ana mchango wake hapa, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuliuliza neno lilikotoka. Leo "taifa" ni Kenya nzima, na wajukuu wa Thenashara Taifa huulizwa wao ni kabila gani. Uchunguzi wa jamii hiyo ungefaa kuanza na safari ya maneno hayo mawili, kabla ya kumtaka mtu yeyote athibitishe kuwa yupo.