Je, Mgonjwa Aweza Kuficha Dawa Zake?

Hebu tumfikirie mama mmoja anayetokwa na damu nyingi kila mwezi hata mwili unapungukiwa na nguvu. Daktari amempa vidonge vya homoni. Mumewe haambiwi, kwa kuwa vidonge hivyo ndivyo wengine wanavyotumia kupanga uzazi, na mama anaogopa maneno. Baadaye anashikwa na kifua kikuu. Kliniki anaulizwa, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" Mumewe ameketi kando yake. Anajibu, "Hakuna."

Je, amekosa? Atasema mwili ni wake na siri ni yake. Lakini dawa hazijui siri. Rifampisini, ambayo kwa kawaida mgonjwa wa kifua kikuu huimeza kwa miezi 6, hulichochea ini livunje homoni upesi. Homoni ikipungua, damu yaweza kuanza kutoka tena, na mama aweza hata kushika mimba mwili ungali dhaifu. Hali hiyo huendelea kama wiki 4 baada ya dawa kwisha. Vijiti vya mkononi navyo hupungua nguvu vivyo hivyo. Si antibiotiki zote zilizo hivyo: amoksilini na doksisaiklini hazina shida hiyo, ila mtu akitapika sana au kuhara, kidonge chaweza kutoka kabla hakijafanya kazi. Wala asiache dawa ya kifua kikuu kwa hofu! Daktari ndiye atakayeangalia upya ile ya homoni, lakini ataangaliaje asichoambiwa?

Hata hivyo, mimi simtwiki mama lawama yote. Naitazama pia nyumba ambamo neno "vidonge" huzusha kesi. Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, aya ya 15, alisema wazi kwamba tiba inayohitajika kweli kuponya ugonjwa wa mwili inaruhusiwa. Si haramu, hata kama inazuia mimba, mradi kuzuia huko kusiwe ndiyo nia. Basi bwana anayemshtaki mkewe kwa kujitibu anamshtaki kwa sheria ipi?

Bwana, kabla hamjatoka nyumbani siku ya kliniki, mwulize mkeo kama angependa uingie naye au umngoje kwenye benchi nje. Nawe mama, tia dawa zako zote katika mfuko mmoja, uzimwage mezani mbele ya daktari.