Kitenge Kimoja, Maumbo Mengi

Arusi ikikaribia huku Temeke, kamati huchagua kitenge kimoja na mshono mmoja, kisha wanawake wote, wembamba kwa wanene, huamriwa kuushona. Twauliza: je, ni haki?

Kitenge kimoja hatukipingi, maana chaonyesha umoja wa jamaa. Lakini gauni la kubana nyonga, ambalo binti wa miaka 20 hulivaa kwa raha, mama wa watoto 6 hukaa nalo ukumbini akivuta tumbo, akiona haya kuinuka kucheza. Fundi cherehani alilijua jambo hilo tangu alipompima: huyu angependeza kwa mshono ulionyooka toka mabegani, usiobana kiuno. Nani alimwuliza fundi?

Wako wasemao kwamba kutaka kupendeza ni majivuno. Hatukubali. Majivuno twayaona kwa yule atakaye miili ya wenziwe ifanane kwa ajili ya picha.

Amri za mavazi si ngeni Dar es Salaam. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kuzuia vimini na suruali za kubana tangu Januari 1969. Ajabu, siku hizi mama huamriwa abane!

Msibani hakuna taabu hiyo. Doti ya khanga haimwulizi mtu kiuno. Na mama yuyo huyo, akiwa kwenye mitumba ya Tandika, hulipima gauni juu ya nguo alizovaa, akalirudisha, akachukua jingine lenye nafasi. Kamati ingemwachia angalau mshono.