Mtazamaji Naye Ana Sehemu Yake



Ndugu zangu katika imani, katika kisiwa cha Pentecost, nchini Vanuatu, wanaume hujenga mnara wa miti wenye urefu wa mita 20 hadi 30. Mrukaji hufungwa mimea itambaayo kwenye vifundo vya miguu, kisha hujitupa kichwa chini mpaka akaribie kugusa ardhi. Mchezo huu huambatana na mavuno ya viazi vikuu, kati ya Aprili na Juni, wakati mimea ina maji ya kutosha na inavutika. Kila kamba huchaguliwa kulingana na mrukaji, na udongo wa chini hulainishwa.

Mwaka 1974 Malkia Elizabeth II wa Uingereza alizuru huko mwezi wa Februari. Ili mgeni aone, watu waliruka nje ya msimu. Kamba za mrukaji mmoja zilikatika, akafa.

Nikiwaeleza wenzangu kisa hiki, hupata majibu mawili. Wa kwanza husema: kila mchezo wa hatari ni haramu, kwani nafsi ni amana. Wa pili husema: ajali ni kadari, na ushujaa ni sifa ya mwanamume.

La kwanza lina ukweli, lakini limepita mpaka. Mtume (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na mkuki unajeruhi. Hatari peke yake, basi, haitoshi kuharamisha. La pili linasahau kuwa aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kadari haiondoi tahadhari.

Kwa hiyo mimi naangalia mambo matatu: mchezo una manufaa gani, tahadhari imechukuliwa kiasi gani, na nani anaamua. Februari ile mnara ulikuwa uleule na desturi ileile. Kilichobadilika ni kwamba wakati wa kuruka uliamuliwa na ratiba ya mgeni, na hali ya kamba ikawekwa nyuma.

Utasema: mrukaji ni mtu mzima, aliridhia. Nami nauliza, mtu anaweza kuridhia kutoa kisichokuwa chake? Uhai tumekabidhiwa tu. Tena ridhaa inayotolewa mbele ya umati, kwa kuogopa kuitwa mwoga, ni ridhaa nusu.

Simhukumu malkia, kwani nia anazijua Allah. Ninasema tu kwamba hamu ya mtazamaji ina uzito, hata kama hakumsukuma mtu kwa mkono.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi. Wengi wetu hatutapanda mnara wowote. Lakini tunashika simu na kumrekodi rafiki anayesimamisha pikipiki kwa gurudumu moja barabarani, tukimwambia, "Ongeza!" Akianguka, tunasema amejitakia. Tukiacha kushangilia, huenda asingeanza kabisa.

Basi kabla ya kuuliza kama mchezo fulani ni halali kwa mchezaji, tujiulize: je, ni halali kwangu kuutazama, kuushangilia na kuusambaza? Anayefurahia hatari ya mwenzake asidhani hesabu yake ni tupu.

Wallahu a'lam.