Kabla Haijawa

Ukiitazama ngozi ya mashavu ya uke kwa hadubini, chini yake kabisa unaona utando mwembamba unaoitenga na nyama ya ndani. Juu ya utando huo seli zinaweza kuvurugika, viini vyake vikavimba na kuwa vyeusi, zikagawanyika ovyo. Maadamu hazijauvuka, mtaalamu wa maabara haandiki saratani. Anaandika kuwa ni mabadiliko yanayoweza kuwa saratani. Mwanamke aliyekuwa na muwasho na baka jeupe, akapaka dawa za fangasi miezi na miezi, kisha akakatwa kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya kipimo, anarudi nyumbani na jibu hilo: huna, lakini unaweza kupata.

Hali hiyo tuieleweje? Kila mwenye mwili anaweza kuugua, lakini uwezekano wa mwanamke huyu umeshapata mahali pa kukaa. Anaweza kuugusa kwa kidole. Ibn Sina, aliyekuwa tabibu na mwanafalsafa, alifundisha kwamba jambo la yumkini haliwi lenyewe. Lazima pawe na sababu inayoliegemeza upande wa kuwapo au wa kutokuwapo. Fundisho hilo lina faida kubwa hapa, kwa kuwa linatutoa kwenye kubashiri na kutuuliza: ni nini kinachoegemeza?

Kuna njia mbili. Ya kwanza huletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 16, na hupata nguvu kwa wavutaji wa sigara na kwa wale ambao kinga yao imedhoofika, wakiwamo wanaoishi na VVU. Ya pili haina kirusi. Huwajia zaidi wanawake wa umri mkubwa ambao ngozi yao imekaa miaka na likeni sklerosi, ugonjwa usioambukiza unaoifanya ngozi kuwa nyeupe na nyembamba kama karatasi, ukiwawasha usiku hadi usingizi unapotea. Utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kuwa katika miaka 10 saratani iliwapata takriban asilimia 10 ya wanawake wa njia ya kwanza, na nusu ya wale wa njia ya pili.

Asilimia ni habari ya kundi. Mwanamke mmoja hapati saratani kwa asilimia 10. Ataipata au hataipata. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo tarakimu hizi hazimhusu. Mimi naona zinamhusu sana, kwa sababu zinawawekea wajibu wale wanaozijua.

Hospitali ya National Women's mjini Auckland, New Zealand, ni ushahidi mchungu wa jambo hili. Mwaka 1966 Dk. Herbert Green alianza kuwafuatilia wanawake wenye mabadiliko ya mlango wa kizazi bila kuwapa tiba kamili, akiamini kwamba mara chache sana yangegeuka saratani. Wengi hawakuambiwa kuwa wamo katika utafiti. Mwaka 1984 wenzake, akina William McIndoe na Ronald Jones, walichapisha yaliyowapata: walioendelea kuwa na majibu mabaya ya vipimo walipata saratani mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 1986 Jones na Malcolm McLean waliandika juu ya mashavu ya uke. Kati ya wanawake watano ambao hawakutibiwa, wengi walipata saratani katika miaka isiyozidi minane. Uchunguzi wa Jaji Silvia Cartwright juu ya utafiti huo wa Green ulikamilika mwaka 1988.

Kutilia shaka hatari ya mabadiliko hayo hakukuwa kosa la Green. Mabadiliko mengine hayafiki popote, na wapasuaji wa zamani waliwahi kuwaondolea wanawake viungo vizima kwa sababu ya baka. Alichokosea ni kuufanya uwezekano wa wengine kuwa mali yake. Kungoja kunaweza kuwa tiba ya haki pale tu anayengoja anapojua kwamba anangoja, na anangoja nini.

Na si lazima kungoja tu. Sydney, mwaka 2015, ilitoka habari ya wanawake 507 wenye likeni sklerosi. Waliotumia krimu ya steroidi kama walivyoagizwa, 357 kwa jumla, hakuna hata mmoja aliyepata saratani wala mabadiliko ya kuielekea. Kati ya 150 walioitumia kwa kukosakosa, saba walipata. Hapo mwanamke mwenyewe ameingia katika orodha ya sababu. Lakini ataegemezaje asichokijua? Tumelelewa kuisitiri sehemu hiyo, na sitara ni jambo jema; ila wengi wetu tumeisitiri hata na macho yetu wenyewe, na ni mara chache mama huambiwa achukue kioo ajitazame.

Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV, na kwa njia ya kwanza hilo ni tumaini la kweli. Kwa ya pili chanjo haina la kufanya. Bibi wa miaka 70 ambaye amewashwa tangu wajukuu hawajazaliwa anahitaji mtu wa kumuuliza kwa adabu, daktari atakayemtazama pale hasa, na krimu isiyokatika.