Mkono Mmoja, Saa Arobaini na Moja

Wapo watu wakusanyao stempu, na wapo wakusanyao sarafu za kale. Mimi, kwa zaidi ya miaka thelathini, nimekusanya saa za mkono. Zimefika arobaini na moja, na zote hulala ndani ya kopo la biskuti nyumbani kwangu mtaani Buyenzi, jijini Bujumbura. Msomaji asidhani kwamba ninajigamba, kwani hakuna hata moja ya dhahabu. Ipo Casio nyeusi ya plastiki, ya aina ya F-91W iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Ipo yenye vibonyezo vya kupigia hesabu, vidogo mno hata kidole changu hakiviwezi tena. Ipo ya kitoto, yenye panya Mickey aonyeshaye wakati kwa mikono yake miwili. Ipo isemayo kwa sauti ya kike, kwa Kifaransa, na kwa kuwa betri yake imechoka, siku hizi hunong'ona tu. Ipo hata ya kuchezea, ambayo akrabu zake zimechorwa, na daima huonyesha saa nne na dakika kumi.

Saa hizo zimenisaidia sana darasani. Mwanafunzi wa Burundi husikia Kifaransa kikiita saa nane kile ambacho Kiswahili na Kirundi hukiita saa mbili ya asubuhi, kwa maana sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Hapa kwetu hesabu hiyo hupatana vyema na mbingu, kwani mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili. Basi humpa mwanafunzi saa yenye akrabu na kumwambia asome tarakimu iliyo mkabala na akrabu ndogo: ikielekea 8, asome 2. Akipewa saa ya tarakimu tupu, hapo hakuna upande wa pili. Hapana budi atoe sita kichwani.

Siku moja, nilipokuwa nikizipanga mezani, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mkono wa kuvalia saa ni mmoja. Hizi nyingine zinamfaa nani?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani sikucheka. Kijana yule hutoka kwao Kinama alfajiri kwa miguu, na njiani huwauliza wapita njia ni saa ngapi. Swali lake halikuwa la mzaha. Je, ni haki mtu kuhodhi kitu asichokitumia, ilhali mwenziwe anakihitaji?

Hebu kwanza tumpe kijana haki yake. Historia ya saa za bei nafuu inamuunga mkono. Mwaka 1867 fundi Georges Frederic Roskopf, Mjerumani aliyehamia Uswisi, alianza kuuza saa ya mfukoni aliyoipunguzia vipande makusudi, akilenga bei ya faranga 20, ili mfanyakazi wa kawaida naye aweze kuinunua. Miaka mia moja na miwili baadaye, Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya kwanza ya mkono iendeshwayo kwa madini ya kwatsi, yaliyotetema mara 8,192 kwa sekunde. Saa hiyo ya kwanza ilikuwa ghali mno, lakini ufundi wake ndio ulioiwezesha saa ya plastiki kutufikia sisi wa kipato kidogo. Maana yake ni kwamba saa rahisi zilitengenezwa ili watu wengi wapate moja moja, wala si ili mtu mmoja apate nyingi. Kwa hiyo, nizifungiapo arobaini ndani ya kopo, ninakwenda kinyume cha nia iliyozizaa. Wazee wetu wana neno la jambo hilo: israfu. Nilidhani kwamba israfu ni dhambi ya matajiri. Sasa naona kwamba hata mwalimu mwenye kopo la biskuti aweza kuitenda.

Pili, yafaa nami nijitetee. Zipo kumi na sita katika kopo lile nilizozinunua Soko Kuu la Bujumbura, ambalo liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Nikiishika moja yazo, naukumbuka ujia niliopita, na muuzaji aliyeitundika saa masikioni mwangu ili niisikie ikitembea. Kumbukumbu ya namna hiyo si upuuzi, na mji uliopoteza soko lake unaihitaji. Hata hivyo, nilipojipima kwa uaminifu, niliona kwamba utetezi wangu unatosha kwa saa mbili au tatu, wala hautoshi kwa kumi na sita. Kumbukumbu huhitaji ushahidi, lakini haihitaji ghala.

Tatu, ipo saa moja ambayo si ya hoja hizi mbili. Ni ya kutia ufunguo, yenye kioo kilichokwaruzika na mkanda wa ngozi. Jumatano tarehe 20 Oktoba 1993, jirani yangu mmoja, mwalimu kama mimi, alinipa niipeleke kwa fundi. Yeye alikuwa akienda kwao mlimani. "Niwekee, ndugu yangu," alisema, "nitaichukua Jumapili." Usiku huo wanajeshi waliiasi serikali, na tarehe 21 Rais Melchior Ndadaye akauawa. Yaliyoifuata siku hiyo, kwa miaka mingi, msomaji wa Burundi hahitaji kusimuliwa. Fundi aliitengeneza saa, jirani hakurudi. Nilipouliza, niliambiwa kwamba jamaa zake walivuka kwenda upande wa Kigoma. Nilituma barua mbili kwa mkono wa wasafiri, na sikupata jibu.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hutenga kitu kilichookotwa na kitu kilichowekwa amana. Kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima. Mwenyewe asipotokea, aliyekiokota aweza kukitumia kwa rai ya wengi wao, ingawa mwenyewe akija siku yoyote hana budi kulipwa. Amana haina mwaka. Mwekaji anajulikana, na mpokeaji hakukipata kitu kile kwa bahati, bali alikubali kukipokea. Kikiharibika bila uzembe wake, halaumiwi. Akikitumia bila idhini, amekwisha kuvunja ahadi. Lakini saa ya ufunguo ina tabia yake: ikikaa miaka bila kutembea, mafuta yake hukauka na chuma hulika. Kwa hiyo kuivaa ni kosa, na kuitelekeza ni kosa. Ndiyo maana kila Jumapili huitia ufunguo, huisikiliza kidogo, kisha huirudisha mahali pake. Sijaivaa hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoligundua kosa langu, nalo ni kosa ambalo mwalimu wa lugha hakupaswa kulifanya. Nilikuwa nikisema "saa zangu" kwa zote arobaini na moja. Kimilikishi -angu ni kipana mno. Twasema "shamba langu," twasema "mwalimu wangu," twasema "nchi yangu," na kila mara neno hilo lina maana nyingine; hakuna amilikiye mwalimu wake kama amilikivyo shamba. Sarufi haitutengi mali na kumbukumbu, wala kumbukumbu na amana. Kazi hiyo imeachiwa dhamiri. Mali isiyotumika ina haki ya kutolewa kwa mwenye haja. Kumbukumbu ina haki ya kuhifadhiwa kwa kiasi. Amana ina haki ya kungojewa, hata kama angojewaye hana dalili ya kuja.

Wiki iliyofuata nilimjibu kijana kwa vitendo. Saa ishirini na tatu zilizokuwa zikitembea niliwagawia wanafunzi watokao mbali, naye akachagua ile Casio nyeusi. Kumi na mbili, pamoja na ile ya panya na ile ya kuchorwa, nimeziacha shuleni ziwe zana za kufundishia. Tano nimebaki nazo, mbili kati yazo za Soko Kuu. Hapo zimetimia arobaini.

Ile moja iliyobaki nimeifunga karatasi yenye jina la mwenyewe, tarehe aliyonipa, na jina la mlima wao, ili wanangu watakapolifungua kopo baada yangu wasiseme, "Hii ilikuwa ya baba." Wajue kwamba wamerithi kazi ya kumtafuta mwenyewe au watoto wake. Nimeiacha katika majira ya Bujumbura. Huko Kigoma watu wametutangulia kwa saa moja. Ikimfikia, ataisogeza mwenyewe.